Thucydides Hakusema Hivyo

Kuna maneno ya Kigiriki yaliyosafiri kuliko Wagiriki wenyewe. Utayakuta kwenye podkasti za wanaume wanaofundisha wanaume wengine kuwa wagumu, kwenye hotuba za mabalozi, kwenye nyuzi ndefu za watu wanaochambua vita wakiwa wamelala kitandani, na kwenye zile picha za sanamu nyeupe zisizo na mboni, zilizoandikwa hekima pembeni. Ukiyavua koti la Kigiriki, yanasema kitu ambacho wahenga wetu walikimaliza kwa maneno matatu: mwenye nguvu mpishe. Chini yake kumeandikwa jina. Thucydides.

Shida yangu ni hilo jina. Kumbandika Thucydides maneno hayo ni kama kumbandika Shakespeare maneno ya Iago. Ni kweli Shakespeare ndiye aliyeyaandika, lakini Iago ndiye anayeyasema, na ukitaka kujua Shakespeare mwenyewe ana maoni gani, itabidi ungoje mpaka mwisho wa mchezo uhesabu maiti. Thucydides naye aliyaweka maneno yale kinywani mwa watu fulani, mahali fulani, wakiwa na merikebu zimetia nanga pale nje. Watu hao walimaliza kuongea wakaenda zao. Halafu mambo yakatokea. Wanaopenda kunukuu huwa hawafiki huko kwa mambo.

Mahali penyewe ni Melos, kisiwa cha bahari ya Aegean chenye ukubwa wa kama kilomita za mraba 150. Huenda unakijua bila kujua kwamba unakijua: ile sanamu ya Aphrodite asiye na mikono, inayopigwa picha kila siku pale Louvre, Paris, ilipatikana Melos mwaka 1820. Lakini miaka mia kadhaa kabla sanamu hiyo haijachongwa, kisiwa hicho kilikuwa na jina kwa sababu nyingine kabisa.

Mwaka 416 KK, Athens na Sparta walikuwa kwenye amani ya karatasi, baada ya miaka kumi ya vita na kabla ya mingine mingi. Wamelos walikuwa na asili ya Sparta, ila hawakutaka kuingia upande wowote. Walijua habari ya tembo na nyasi. Athens ikawaletea merikebu 38, nyingi zikiwa zake na chache za washirika, pamoja na askari wa ngao na mkuki 2,700, wapiga mishale 300 na wengine 20 waliopiga mishale wakiwa juu ya farasi. Kabla ya kuharibu chochote, majenerali wakatuma wajumbe wakaongee.

Na hapa viongozi wa Melos wakafanya jambo ambalo msomaji wa Nairobi hahitaji kufafanuliwa. Hawakuwaruhusu wajumbe kuongea mbele ya wananchi. Wakawasikiliza wao wenyewe, wakubwa na watu wachache. Waathene, ambao kwao kila kitu kilijadiliwa hadharani na wananchi wanaume, hata wakawachokoza kwa hilo: mnaogopa watu wenu watusikie, si ndio? Kwa hiyo uamuzi ambao ungekuja kuua kila mwanaume wa kisiwa ulifanywa na kikundi kidogo kwa niaba ya watu ambao hawakusikia walichopewa. Sijaona podkasti inayotaja hiyo.

Nilikutana na Melos chuoni, kwenye kozi ya uhusiano wa kimataifa, mwaka mmoja kabla karo na mimi hatujaachana kwa amani. Tulipewa fotokopi ya kurasa chache. Ilianza wajumbe wanapofika na ikakatika wanapoondoka. Swali la mtihani lilikuwa tueleze nadharia ya uhalisia katika siasa za mataifa tukitumia kifungu hicho, na ukitaka alama, ulijua la kuandika: kwamba haki ni lugha ya walio sawa kwa nguvu, mengine ni ushairi. Kozi kama hiyo iko kwenye vyuo vingi duniani na sidhani fotokopi zao zina tofauti kubwa na yetu. Mtu anaweza kuhitimu shahada nzima akiamini Thucydides alikuwa mshauri wa wababe.

Sasa hebu tusome.

Kitu cha kwanza ni umbo. Thucydides ameandika vitabu vinane vya historia ya vita hivyo, na ndani yake watu huhutubia: mmoja anasimama, anaongea kurasa nzima, anakaa, mwingine anasimama. Melos si hivyo. Hapa anaandika kama mtu wa jukwaa. Upande huu unasema, upande ule unajibu, sentensi mbili, sentensi tatu, bila msimulizi kuingilia. Na mwandishi hakuwepo. Alikuwa jenerali aliyeshindwa kuuokoa mji wa Amphipolis mwaka 424 KK, wenzake wakamfukuza nchini kwa miaka 20, kwa hiyo mwaka huo hakuwa hata Athens, sembuse Melos. Katika kitabu cha kwanza anatuambia waziwazi kwamba hotuba zake ni kile alichoona hali ilidai kisemwe, akishikilia maana ya jumla ya kilichosemwa kweli. Tunasoma tamthilia fupi iliyoandikwa na mtu anayejua jinsi dola inavyoongea kwa sababu aliwahi kuwa na cheo ndani yake na ikamtema.

Kitu cha pili ni hoja zenyewe. Nilipozisoma zote, nilichokiona zaidi ni woga wa Waathene. Wamelos wanawaambia: tuacheni tuwe marafiki wa pande zote mbili. Ni ombi la kawaida. Jibu ni la ajabu: urafiki wenu utatuumiza kuliko chuki yenu. Kwa nini? Kwa sababu visiwa vingine tunavyovitawala vikituona tumewaacha, vitasema tumeshindwa. Chuki yenu ni ushahidi wa nguvu zetu, urafiki wenu ni ushahidi wa udhaifu. Halafu wanaendelea, bila kubanwa, kukiri kwamba wanaowanyima usingizi si Wasparta. Ni watu wao wenyewe, wale wanaolipa kodi na kumeza mate.

Soma tena hapo. Dola kubwa kuliko zote baharini, ikiwa na merikebu 38 nje ya bandari ya kisiwa kimoja, inasema haiwezi kumudu kukiacha kisiwa hicho. Kwamba ikirudi nyumbani bila damu, itaanguka. Hiyo ni sauti ya mwenye deni, na ndiyo maana sipendi watu wakiichukua kama sauti ya nguvu. Mtu mwenye nguvu kweli huwa na chaguo. Hawa wanajieleza kama watu wasio nalo, na ili wasionekane wanaogopa, wanaiita sheria ya maumbile: hata miungu, wanasema, hutawala pale inapoweza, sisi hatukuitunga sheria hii, tumeikuta.

Uongo. Na Thucydides anajua ni uongo kwa sababu amekwisha kutuonyesha, vitabu viwili nyuma. Mwaka 427 KK mji wa Mytilene ulisalimu amri baada ya kuasi. Mkutano wa Athens ukapiga kura wanaume wote wauawe, wanawake na watoto wauzwe, na merikebu ikaondoka na amri hiyo. Kesho yake watu wakaamka na uzito moyoni. Wakakutana tena, wakabishana tena, na kwa kura chache wakabadilisha. Merikebu ya pili ikatumwa kuifukuza ya kwanza. Wapiga makasia walikula unga wa shayiri uliokandwa kwa mvinyo na mafuta huku wakiendelea kupiga makasia, wakalala kwa zamu, wakafika wakati amri ya kwanza ndiyo kwanza imesomwa. Walioonekana kuwa vinara waliuawa hata hivyo, na hawakuwa wachache, lakini mji ulipona. Mji ule ule wa Athens, vita vile vile, miaka kumi na mmoja kabla ya Melos. Hayo maumbile yao yalikuwa wapi siku ile?

Nilipofika hapo ndipo nilipoelewa kwa nini fotokopi ilikatwa. Ukimpa mwanafunzi Mytilene na Melos pamoja, sheria ya maumbile inageuka kuwa kura, na kura ina majina ya waliopiga.

Turudi kisiwani. Wamelos wakakataa. Walisema mji wao umesimama miaka 700, hawatautupa kwa saa moja. Walitegemea miungu na Sparta. Waathene wakawaambia kitu cha kikatili lakini cha busara kuhusu tumaini, kwamba ni starehe ya gharama, na anayeiweka rehani mali yake yote humjua vizuri akiwa tayari amefilisika. Sparta haikuja. Wakazingirwa, mara mbili wakavunja sehemu ya uzio, wakaingiza chakula, kikaongezwa kikosi kingine kutoka Athens, mtu wa ndani akasaliti, wakasalimu amri wakati wa baridi. Kisha Thucydides anaandika sentensi moja: wanaume wazima waliokamatwa waliuawa, watoto na wanawake wakauzwa utumwani. Ya mwisho inasema Athens ilileta walowezi 500. Kitabu cha tano kimeisha.

Yaani kurasa kadhaa za maneno, sentensi moja ya vifo. Hakuna kilio, hakuna jina la aliyekufa, hakuna mwanamke hata mmoja aliyefungua mdomo. Kuna watu wanaouita ubaridi huo ukatili wa mwanahistoria. Mimi nauona kama hukumu, ila nitakubali kwamba ni hukumu inayohitaji msomaji asiye na haraka. Maana ukifungua ukurasa, kitabu cha sita kinaanza na majira yale yale ya baridi: Waathene wanataka kwenda kuteka Sicily, na wengi wao hawajui hata ukubwa wa kisiwa hicho. Chini ya miaka mitatu baadaye, mwaka 413 KK, watu wasiopungua 40,000 wanakokota miguu kwenye vumbi la Sicily wakikimbia, wagonjwa wameachwa nyuma wakiwashika nguo wenzao, na jenerali wao Nicias anapita mistarini akiwapa moyo. Anawaambia nini? Wawe na tumaini. Kwamba yeye ameishi akiwaheshimu miungu, na pengine sasa miungu itawahurumia. Ni hoja za Wamelos, moja baada ya nyingine, zikitoka kinywani mwa Mwathene. Siku chache baadaye Nicias amechinjwa na wafungwa si chini ya 7,000 wametupwa kwenye machimbo ya mawe ya Syracuse, jua mchana, baridi usiku, maiti katikati yao.

Huwezi kuandika hivyo kwa bahati mbaya.

Hata hivyo Thucydides anaacha shimo, na shimo hilo ni la wanawake na watoto. Ameshawauza kwenye nusu sentensi, hatawaona tena. Kuna mtu mwingine Athens aliyewaona, na alikuwa na jukwaa.

Masika ya mwaka 415 KK, miezi michache tu baada ya Melos kuanguka, Euripides alileta kwenye sherehe za Dionysus tanzia tatu. Ya tatu ni ile inayoitwa The Trojan Women kwa Kiingereza, yaani wanawake wa Troy. Alishika nafasi ya pili. Aliyemshinda anaitwa Xenocles, na michezo yake yote imepotea. Waandishi wa kale walimcheka kwa hilo, mimi namhurumia kidogo; kushinda halafu ukumbukwe tu kama jina la aliyemshinda Euripides siyo poa.

Wahakiki hupenda kusema mchezo huu unahusu Melos. Wengine wanapinga kwa kuhesabu miezi: washairi waliomba nafasi kwenye sherehe mapema, na korasi ilihitaji muda wa mazoezi, kwa hiyo Euripides lazima alikuwa amekwisha kuandika sehemu kubwa kabla kisiwa hakijasalimu amri. Kwa hesabu, hao wana pointi. Lakini mjadala wenyewe unanichosha, kwa sababu unachukulia kwamba Melos ilikuwa ajali ya pekee. Mwaka 421 KK Athens ilifanya vivyo hivyo kwa mji wa Scione. Mwaka mmoja kabla, wanawake na watoto wa Torone waliuzwa. Wasparta nao waliua wanaume wa Plataea waliosalimu amri mwaka 427 KK na kuwauza wanawake. Euripides hakuhitaji Melos ili aandike. Alihitaji tu kuwa mtu mzima Ugiriki. Kuhusu watazamaji, hiyo ni kesi tofauti. Walioketi pale masika yale, wengine walikuwa wamerudi kutoka Melos wakiwa na mali. Kuna habari za kale kwamba Alcibiades, kijana tajiri aliyekuwa akipigia debe safari ya Sicily, aliiunga mkono amri ya Melos, kisha akajinunulia mwanamke mmoja wa huko na kuzaa naye mtoto wa kiume. Jaribu kufikiria umeketi safu ya karibu naye.

Mchezo wenyewe, tuseme ukweli, hauna ploti. Mji umeanguka kabla haujaanza. Hecuba, malkia mzee, amelala chini. Mjumbe anakuja, anaondoka, anakuja, na kila akija kuna mtu anachukuliwa. Cassandra kwa Agamemnon. Andromache kwa mtoto wa mtu aliyemuua mumewe. Hecuba mwenyewe kwa Odysseus, ambaye ndiye anayemchukia kuliko wote. Inasomeka kama orodha ya mnada, na kama umezoea hadithi zinazopanda kilima, utatamani kuiacha katikati. Usiiache.

Iangalie kazi ya yule mjumbe, Talthybius. Si mbaya. Anaona aibu. Anapotumwa kusema kwamba Wagiriki wameamua mtoto wa Andromache, Astyanax, atupwe kutoka ukutani, maneno yanamkwama, anazunguka, mama mtu analazimika kumvuta aseme. Akishasema, anampa ushauri wa upole kabisa: usipige kelele, usiwalaani, ukiwakasirisha watamnyima mtoto mazishi. Anasema afadhali kazi hii apewe mtu asiye na huruma. Kisha anaifanya. Baadaye, anapoleta maiti, anasema ameshaiosha mtoni akiwa njiani, na anakwenda kuchimba kaburi ili kumpunguzia bibi kazi. Kila serikali ina Talthybius. Ni yule karani anayekuitia pembeni akuambie pole sana kabla ya kukugongea muhuri. Euripides hamchukii, na ndiyo maana ni vigumu kumsahau.

Mtoto analetwa juu ya ngao ya baba yake, Hector, kwa sababu mama amekwisha kupandishwa merikebu na aliomba ngao itumike badala ya jeneza. Hecuba anaiangalia ngao. Anaona alama ya mkono kwenye mshikio. Anaona ukingoni doa la jasho lililokuwa likidondoka kwenye ndevu za mwanawe akiwa vitani. Hiyo tu. Nimesoma mashairi mengi ya vita yenye damu ya kujaza ndoo, na hakuna lililonifanya nifunge kitabu kama doa hilo la jasho.

Pia anauliza kaburi la mtoto huyu liandikwe nini, na jibu lake ni kwamba yaandikwe maneno ya kuwaaibisha Wagiriki: huyu aliuawa na jeshi zima kwa sababu walimwogopa. Woga tena. Hector alipokuwa hai na maelfu nyuma yake, anasema, bado tulishindwa; sasa mji umeteketea, mnaogopa kitoto? Euripides na Thucydides hawakuandika pamoja, mmoja mshairi mjini, mwingine mfukuzwa aliyekuwa akikusanya habari za pande zote mbili, lakini wameinua jiwe moja na kukuta mdudu yule yule chini yake.

Kiswahili kina methali mbili kuhusu jambo hili na zinapigana. Moja husema mnyonge hana haki. Waathene wangeitia sahihi. Nyingine husema mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Kwa muda mrefu hii ya pili ilinishangaza, kwa sababu haki gani inabaki ukishanyongwa? Eneo la ngao ndilo linalonijibu. Kuna haki ya kuoshwa, ya kuvishwa, ya kuitwa kwa jina, na ya kusemwa ukweli kuhusu nani alikuua na kwa nini. Hecuba hana kingine cha kutoa, anatoa hiyo, na anaitoa akiwa na nusu saa kabla ya merikebu kuondoka.

Watu wengi huona eneo la Helen kama kasoro. Katikati ya kilio, Menelaus anaingia kumchukua mkewe, na inageuka mahakama: Helen anajitetea kwa ufasaha, analaumu kila mtu, kuanzia Hecuba aliyemzaa Paris hadi mungu Aphrodite, Hecuba anamjibu hoja kwa hoja, anamwambia huyo Aphrodite unayemtaja ni tamaa yako tu. Hecuba anashinda mjadala. Menelaus anakubali kabisa, anasema atamuua wakifika nyumbani. Hecuba anamsihi asimpandishe merikebu moja naye, na bwana anatania: kwani amenenepa? Mzaha, hapo, dakika chache kabla ya maiti ya mtoto. Kila mtu pale ukumbini alikuwa anaijua Odyssey, ambamo Helen yuko nyumbani Sparta, mzima, bibi wa nyumba, akiwahudumia wageni. Kwa hiyo wanamtazama mwanamke mzee akishinda kesi ambayo hukumu yake haitatekelezwa. Hiyo si kasoro. Ni Melos ikichezwa kwa njia nyingine: upande mmoja una hoja, mwingine una merikebu.

Na kumbuka mchezo umefunguliwaje. Kabla binadamu yeyote hajaongea, miungu wawili, Poseidon na Athena, wamekwisha kukubaliana kwamba merikebu za washindi zitapigwa na dhoruba zikirudi. Watazamaji wanajua hilo muda wote, washindi hawajui. Kiangazi cha mwaka huo huo, watazamaji hao walijazana bandarini Piraeus kuziaga merikebu zao zikielekea Sicily.

Kwa hiyo mchezo haukuzuia chochote. Hili nadhani ni lazima lisemwe na watu wa fasihi wenyewe, kwa sababu tunapenda kujidanganya. Plutarch anasimulia kuhusu Alexander wa Pherae, dikteta mmoja katili, aliyekwenda kuutazama mchezo huu huu miaka mingi baadaye na akatoka katikati. Akamtumia mwigizaji ujumbe kwamba asijisikie vibaya, hakuchukia uigizaji. Aliona haya raia wake wamwone akimlilia Hecuba wakati hajawahi kumlilia hata mmoja wa aliowaua. Machozi yalikuwa ya kweli. Kesho yake aliendelea na kazi.

Kila vita tangu hapo vimepata Hecuba wake. Sartre aliufanya uwe wa Algeria mwaka 1965. Femi Osofisan wa Nijeria akauhamishia Owu, mji wa Wayoruba uliobomolewa karne ya 19, akiandika wakati Iraq inawaka. Hecuba wake anaitwa Erelu Afin. Mwaka 2013, mjini Amman, wanawake wakimbizi wa Syria waliuigiza wakichanganya na habari zao wenyewe. Hiyo ya Amman ndiyo inayonivuta zaidi, kwa sababu hapo Hecuba haigizwi na mwanaume aliyevaa barakoa kwa ajili ya washindi, kama ilivyokuwa Athens. Samuel Mushi alitupa Mfalme Edipode kwa Kiswahili mwaka 1971. Ningelipa nauli mpaka Mombasa na kurudi kumsikia Hecuba akimjibu Helen kwa Kiswahili cha mwanamke mzima wa pwani, maana hapo sijui Helen angetokea mlango gani.

Yanis Varoufakis, aliyekuwa waziri wa fedha wa Ugiriki wakati wadai wake wa Ulaya walipokuwa wakiibana mwaka 2015, alichukua nusu ya yale maneno maarufu akayafanya jina la kitabu chake mwaka uliofuata. Aliongeza kitu kimoja tu, alama ya kuuliza. Kwa wanaopenda kunukuu, naomba angalau wakope hiyo.

Thucydides hakumaliza historia yake. Inakatika mwaka 411 KK, katikati ya habari, na aliyeendeleza ni Xenophon. Huyu si mwandishi wa kiwango kile, lakini kuna usiku mmoja anaousimulia ambao ningeutia kwenye kila fotokopi. Ni mwaka 405 KK. Merikebu iitwayo Paralus inaingia Piraeus usiku kuleta habari kwamba jeshi lote la majini la Athens limekwisha. Kilio kinaanzia bandarini, kinapanda kati ya kuta ndefu hadi mjini, mtu akimwambia mtu. Usiku huo hakuna aliyelala. Waliwalilia waliokufa, anasema, na zaidi walijililia wenyewe, wakiamini sasa watafanyiwa walichowafanyia Wamelos, na watu wa Scione, na wa Torone. Walikuwa wanakumbuka. Miaka yote hiyo majina yalikuwa kichwani, kwa mpangilio.

Hawakufanyiwa. Korintho na Thebes walitaka Athens ifutwe, Sparta ikakataa. Na Lysander, jenerali wa Sparta aliyeshinda, kabla hata mji haujasalimu amri, aliwakusanya Wamelos wote alioweza kuwapata akawarudishia kisiwa chao. Ilikuwa miaka kumi na mmoja baadaye. Msichana aliyeuzwa akiwa na miaka minane alikuwa sasa na kumi na tisa. Mtoto wa Alcibiades, kama zile habari ni za kweli, alikuwa na kama miaka kumi, na hakuna mahali palipoandikwa kama mama yake alipanda mojawapo ya merikebu hizo.